Songwe hadi Sumbawanga, Chini ya Saa Moja

Milanzi, Sumbawanga. Jumapili.

Tangu asubuhi ni manyunyu na baridi ile ya Ufipa inayoingia hadi kwenye mifupa. Leo tumeanua matanga ya mama. Majirani wamechukua sufuria zao, mikeka imekunjwa, na nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote humu ndani.

Mama alifariki Jumanne. Kaka Deo, mkubwa wetu, anaishi Dar es Salaam. Alinipigia akilia, akasema anawahi basi la alfajiri ili Alhamisi asubuhi awe hapa. Mimi nikamzuia. Nilimwonea huruma, na nilitaka pia kuonekana mjuaji. Niliingia mtandaoni nikatafuta umbali kati ya uwanja wa ndege wa Songwe na huu wetu. Simu ikajibu: chini ya saa moja. Nikamwambia apande ndege ya Alhamisi asubuhi hadi Songwe, kutoka pale ni kuruka tu.

"Wewe ndiye mwalimu wa jiografia," alisema, akakata tiketi.

Ni kweli, nafundisha jiografia. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba umbali wa rula kwenye ramani si umbali wa barabara. Ile saa moja ilikuwa hesabu ya mstari ulionyooka. Sikuuliza kama siku hiyo kuna ndege ya kuufuata.

Haikuwapo.

Deo akakodi gari na dereva. Tunduma wakakwama nyuma ya malori, Laela wakakuta mvua imeshika. Kila aliponipigia nilimwambia mjomba, "Yuko karibu." Jeneza likabaki wazi sebuleni, watu wakisubiri uani na miavuli. Saa tisa katekista akaja kusema padre ana mazishi mengine Muze, na mteremko wa kule haushukiki gizani kwa mvua ile.

Mjomba akanitazama. "Mwanangu, tumfunike mama yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Deo alifika saa kumi na mbili jioni, msalaba umeshasimama. Kwetu watoto hutupa udongo kaburini, mkubwa akitangulia. Yeye alipiga magoti kwenye tope, akachota udongo kidogo, mkono ukabaki hewani ukitafuta pa kuutupia. Mwisho akauweka juu ya maua. Uso wa mama hakuuona.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba hakunilaumu. Siku zote hizi anawaambia wanaompa pole, "Kosa ni langu, ningepanda basi." Jana mjomba akamrushia, "Nyie wa mjini mmezoea raha." Deo akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa palepale, namimina chai. Nilimalizia vikombe vyote, nikaingia jikoni.

Nina aibu. Mwoga mkubwa mimi.

Kesho anarudi kwa barabara hadi Songwe. Nimemwambia nitamsindikiza mpaka uwanjani. "Njia yote hiyo?" akauliza. "Si utachoka, mdogo wangu?" Nikasema nataka kubadilisha hewa. Hata hapo nikadanganya.

Ni mwendo wa saa tano, pengine sita, bega kwa bega kwenye gari. Muda wa kumwambia upo. Lakini najijua: Laela itapita, Tunduma itapita, nami nitakuwa bado namuuliza kama tufunge dirisha.

Mungu wangu, nikimwacha apande ndege akiamini kosa ni lake, nitamtazama tena kwa macho gani?