Ile Ncha ya Boriti, Furaha

Binti yangu Furaha,

Jumapili tatu hujakanyaga hapa kwangu Yeoville. Nimekuuliza kwenye simu, umeangalia ile ncha ya boriti? Ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba, Furaha! Mimi ni mama yako, siyo mteja. Sasa kidole hicho kinasema umeangalia, au kinasema niache kelele? Ndiyo maana naandika. Niliishia darasa la nne kule Bukavu, unajua, kwa hiyo usitafute makosa ya mwandiko, tafuta ninachokuambia.

Siku ile ya mwisho ulipokuja, ulisukuma vitenge vya wamama wa kanisa pembeni, ukaweka kompyuta yako juu ya meza yangu ya kukatia. "Mama, njoo uone, anafanya kazi peke yake." Wewe ulikuwa unakula fufu na sombe, mikono mbali kabisa na kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na paa la ukumbi wa shule, lile mnalochora ofisini kwenu Randburg, limepakwa rangi za bluu na kijani, na nyekundu pale chuma kinapoelemewa.

Kazi yako ulishanieleza tangu ulipoajiriwa, na nilikuwa nawaeleza majirani kwa majivuno. Kwamba jengo linajaribiwa ndani ya kompyuta kabla halijajengwa, linapigwa upepo na mvua ya mawe mpaka mjue litavunjikia wapi. Kwamba unakaa wiki mbili kuifundisha ile programu namba moja moja, macho yanakuuma. Sasa mmepewa wakala wa akili bandia. Unamwambia maneno machache, anaandika maagizo mwenyewe, anaendesha jaribio, likikataa anarekebisha, anaendesha tena. Nilishukuru Mungu, kweli. Nikasema mtoto wangu atapumzisha macho.

Halafu siku ile, tukiwa tunatazama, nyekundu ikapotea. Nikakuuliza, "Amefanya nini? Ameongeza chuma?"

Ukasoma alichoandika, ukacheka. "Hapana, Mama. Hesabu ilikuwa haifiki mwisho, akaishikilia ncha moja ya boriti isitembee."

"Na kwenye jengo lenyewe, ile ncha imeshikiliwa?"

"Eish, Mama. Nitaangalia."

"Lini?"

"Mama, hii si cherehani."

Hapo nikapandisha sauti, najua. Nilisema sikushona nguo za watu miaka yote hii ili wewe usome halafu ukae kutazama rangi. Ukafunga kompyuta, ukaondoka, chakula kimebaki kwenye sahani. Neno lile lilikuwa baya na nimejilaumu kwalo. Lakini swali langu halikuwa baya, na bado hujalijibu.

Maana mimi naujua mchezo huo. Unamkumbuka yule bibi harusi wa Berea? Ulikuwa na miaka tisa hivi, ndiwe uliyekuwa unanishikia kopo la pini. Gauni lilikuwa pana mgongoni, nilikosea kukata. Nikalikunja nyuma kwa pini, nikamsimamisha mbele ya kioo, akajiona kwa mbele tu. "Limenikaa!" Akafurahi mpaka akanikumbatia. Wewe ukaja sikioni kwangu, "Mama, lakini mgongoni?" Nikakufinya. Nilikusudia kushona ile sehemu jioni yake. Jioni akaja mteja mwingine, kesho yake mwingine, na siku ya harusi gauni likatoka na pini zangu zilezile. Dansi ya pili zikaachia. Mwanamke wa watu akashika gauni kwa mikono miwili mbele ya wakwe zake. Mimi nikawaambia watu kitambaa kilikuwa kibovu. Hakikuwa kibovu. Sikurudi kuangalia, basi.

Wakala wako ametia pini, Furaha. Wala hakuficha, aliandika kabisa kwamba ametia. Simlaumu, aliambiwa jaribio lifike mwisho akalifikisha. Ninayemkasirikia ni wewe, kwa sababu ulipokuwa mtoto uliona, na sasa umesoma hivyo, umeona, halafu umecheka.

Najua ofisini wanakukimbiza. Ulinieleza kwamba wenzako wanamaliza kazi tatu wewe ukimaliza moja, na bosi anamwona mzembe yeyote anayekagua kila kitu. Na sisi wenye majina ya mbali tunaogopa kuonekana wazembe kuliko watu wote, hilo nalielewa mno. Lakini pale chini ya ripoti hakuna mahali pa wakala kutia saini. Pana jina lako. Siku paa lile litakapopigwa na mvua ya mawe na wanafunzi wamo ndani wanaimba, hawatakwenda kuitafuta kompyuta. Watasoma jina, na watauliza huyu ametoka wapi.

Sikuambii urudi kwenye wiki mbili. Mimi mwenyewe nashonea mashine ya umeme, sikanyagi tena kwa mguu. Mwache afanye. Nakuomba kitu kimoja tu: chukua mchoro wa wajenzi, tazama ile ncha kwa macho yako, imefungwa au haikufungwa. Kama haikufungwa, iachie na kwenye kompyuta. Nyekundu ikirudi, irudi. Bosi akipiga kelele, apige.

Ulisema ripoti inatoka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ndiyo Ijumaa hii. Kama umeshatia saini, wapigie ofisini leo, waambie wasiitume. Ukimaliza nao, nipigie na mimi. Unigombeze ukitaka, uniambie sijui kitu. Sitajibu neno. Nitashika simu mpaka uchoke, mama, na nitashukuru kwamba sauti yako imechoka kwa sababu yangu, siyo kwa sababu ya watoto wa watu.

Mzazi wako anayekupenda na aliyekukasirikia,
Mama