Choma, Siyo Chomeka

Kivinje, Ijumaa

Kaka Ngwali,

Shikamoo. Sisi wazima, ila paka amezaa ndani ya kabati lako.

Ile kompyuta iliyokuwa haiwaki sasa imewaka. Fundi alitaka kupiga window upya, kila kitu kifutike, nikamkatalia. Lile faili ulilonitumia la kuiwashia nililikopi tu kwenye flashi kama tunavyoweka kaswida za redioni, nikaichomeka, ikagoma. Kumbe ulisema nichome, siyo nichomeke. Nikalichoma, yaani nikaliandika kwenye flashi kwa ile programu uliyonielekeza, na kompyuta ikawaka kutokea kwenye flashi.

Sauti ya marehemu mama tuliyoirekodi ipo salama humo ndani. Najua hukuwahi maziko, na unadhani aliondoka na kinyongo. Nimekutumia. Sikiliza mwishoni, anauliza: "Ngwali keshakula? Mwekeeni chake."

Mdogo wako aliyetua mzigo,
Esha