Fimbo ya Balozi

Yerusalemu, 20 Aprili 1948

Dada Wadia,

Picha ya mwanao imefika kutoka Chile. Pua ni ya baba yetu, maskini mtoto! Hapa milio ya risasi haikomi usiku, lakini mti wetu wa lozi umezaa kupita kiasi.

Mitri wangu bado ni mlinzi wa balozi. Kwenye maandamano ya kanisani humtangulia akigonga ile fimbo ya kichwa cha fedha, watu wapishe. Unakumbuka hata siku ya harusi yetu ubalozini hawakumwachia aje nayo. Basi jana kaja nayo nyumbani.

“Balozi kanipa iwe yangu kabisa! Sema tena hawanithamini, Mama Jiryis.”

“Na Pasaka wiki ijayo, utamtangulia na nini?”

“Mwanamke, hata zawadi unaitilia shaka?”

Leo nimemfuata Jiryis shuleni kwa masista. Nimewakuta wanafunga masanduku. Sista mkuu, ambaye hajawahi kunipa hata mkono, amenikumbatia.

Sijamwambia Mitri. Yuko uani anaing'arisha fimbo kwa ajili ya Pasaka, huku anapiga mluzi.

Ukitaka kunijibu, usitumie anwani hii. Ngoja kwanza nikuandikie.

Mdogo wako,
Nazha