Mkanda Umefunga Dalia

Pasaka, 1955

Baba Crispin,

Nimetangulia kanisani na Rozalia. Uji umo chunguni, viazi nimevifunika kwa sinia.

Asubuhi nimekuta dalia zangu zimelala chini kama walevi wa ulanzi. Nikadhani ni mvua, kumbe ni wewe. Umeng'oa fito nilizozifungia, umezipeleka kwenye maharage yako. Ungeniuliza tu, mume wangu. Maua yale niliyaahidi kwa altare, na akina mama wote wanajua.

Haya. Nimeokoa kumi na matatu, nimeondoka nayo. Mashina yaliyokwisha kutoa maua uyakate wewe, uache shibiri moja juu ya ardhi. Usiyang'oe kama mabua ya mahindi. Mizizi iko hai, mwakani itachipua.

~~Fito zangu uzirudishe leo leo.~~ Ziache. Maharage yameshaziegemea, na mimi pia nayala.

Kisu kiko juu ya mtungi.

Halafu, najua unatafuta mkanda wako wa suruali. Mashina yalikuwa yameziba njia ya jikoni na kamba sikuiona, kwa hiyo nimeyakusanya nikayafunga nao. Kata kwanza, ndipo ufungue. Ukifungua kabla, yatakuangukia na maji yake yote kwenye shati jeupe.

Misa ni saa tatu. Nitakaa upande wa mlangoni. Nikikuona unaingia umeshikilia suruali kwa mkono, nitajua hukukata.

Mama Crispin