Wiki Tatu Nyuma ya Pazia

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kusema nawe bila shikamoo, na leo nina la kukiri.

Unakumbuka siku mgongo uliponishinda njiani, nikitoka chini tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani? Nililetwa nyumbani Mwika nimebebwa kwenye blanketi. Mwaka mmoja kabla, mume wangu wa Kwa Sadala alikuwa amenirudisha kwako kwa kukosa mtoto.

Hospitali ya Moshi walinipima, wakaturudisha na karatasi ya mazoezi. Wewe hukuwa na imani na karatasi. Dawa ya mwanamke aliyelala uliijua moja tu, ile ya mzazi aliyetoka kujifungua. Ukanifunga tumbo kwa khanga, ukatundika pazia mlangoni, ukaniletea mtori wa ndizi na nyama asubuhi na jioni.

"Miezi mitatu," ulisema. "Mzazi hatoki nje."

Nilicheka, mgongo ukauma, nikalia. Ukajifanya huoni.

Chumba kile kilinibana, Mama. Dirisha dogo, moshi wa jikoni, na majirani wakileta maziwa kana kwamba kuna kichanga humo ndani. Ndipo nikamkumbuka yule dada wa mazoezi hospitalini. Aliniambia mazoezi yale yanaitwa pilatesi, na aliyeyabuni ni Mjerumani mmoja aliyezuiliwa kambini wakati wa vita. Alifunga springi kwenye vitanda ili wagonjwa wajinyooshe wakiwa wamelala. Nikasema, huyu mwenzangu.

Kila ulipokwenda kukata majani, nilifungua khanga. Nilikunja magoti, nikavuta kitovu ndani kama ninayefunga zipu ya sketi ya mtumba iliyobana, nikainua kiuno polepole, pingili moja moja, nikivuta pumzi mpaka mbavuni. Hakuna kuruka, hakuna kishindo cha kuumiza viungo. Dada yule alisema tumbo likiwa na nguvu, mgongo haubebi peke yake. Ni kweli. Mwezi wa pili ulipokwisha nilikuwa nakaa wima bila kushika kitu. Wiki moja baadaye nikatembea chumbani mpaka pazia na kurudi.

Nikasikia hatua zako uani. Nikarudi kitandani, nikajifunika.

Wiki tatu nzima, Mama. Nilikuwa nimepona nawe ulikuwa ukibeba mzigo wangu. Kila jioni ulichelewa zaidi, nikakusikia ukishika ukuta kabla ya kuingia. Niliona haya kukwambia mtori haukuniponya. Na kuna jingine: nilijua hakuna atakayeniita mzazi tena maishani.

Miezi mitatu ilipotimia ulinivika kitenge kipya, ukanipeleka sokoni kama mzazi kweli anayetolewa nje. Mimi nilitembea nimenyooka. Wewe uliinama, na hukunyooka tena mpaka tulipokuzika. Nilipotaka kukufundisha mazoezi ulinikatalia.

"Nilale chini mchana, majani akate nani?"

Sasa wanawake wa kanisani wanakuja na mikeka yao niwafundishe, na wananisifu. Sifa hizo hazinikai. Kila asubuhi nikilala chini na kuinua kiuno, nasikia hatua zako nje ya pazia, na bado siinuki.

Nilikuwa naweza kuinuka, Mama.

Pumzika sasa. Majani nayabeba mwenyewe.

Mwanao, mzazi wako wa nyuma ya pazia