Bikini ya Mama

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo, ila moyo wangu mzito, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Msimu wa joto umeingia na bikini zinanitoa jasho. Nguo ikiwa ndogo, mteja huwa mgumu. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiwaambia majirani kwamba nashona nguo za watoto? Kwa vipimo, hakudanganya sana.

Basi mwezi uliopita alinijia kwenye chumba cha kushonea, akafunga mlango. Daktari kamwambia aogelee, magoti yapate nafuu. Akasema anataka bikini, ya bluu. Nilicheka, nikidhani ananitania. Nikawa nampima huku nikimsimulia niliyoyasoma: kwamba ilipoanza, wanamitindo waliona haya kuivaa mpaka akatafutwa mcheza dansi wa kilabuni; na kwamba jina la bikini ni la kisiwa yalikojaribiwa mabomu ya nyuklia, wenyeji wakiwa wameshahamishwa. Mama akauliza kama walirudi kwao. Nikamwambia ageuke, nimpime mgongo.

Dada, mimi ninayewashonea wake za watu bila kupepesa macho, nilishindwa kumshonea mama yangu. Niliutazama mwili ule uliotuzaa, nikaona haya kwa niaba yake. Nikamtengenezea gauni la kuogelea, la mikono mirefu, lenye sketi hadi magotini. Akalijaribu, akashukuru, akasema limemkaa. Bwawani hakwenda. Kila nikimuuliza, mara maji ni baridi, mara ana mafua.

Juzi nikambana. Wala hakukasirika. Alisema, "Baba yangu alinichagulia nguo, akaja baba yenu naye akanichagulia. Nilikuja kwako kwa sababu wewe unawauliza watu wanataka nini."

Siku hiyohiyo nikaishona, ya bluu, vipande viwili. Akaipapasa, akausifu mshono, akanirudishia. Hamu imeshamtoka, alisema, nimuuzie mtu mwingine. Najuta, Dada, na sijui pa kuanzia. Ukimpigia simu, usimwambie kwamba nimekuandikia.

Nisalimie shemeji, na wanao uwabusu. Mama naye anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua bado. Lile gauni hulivaa anapopiga deki. Anasema linakauka upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi