Firigisi ya Mama Marwa

Jumamosi, usiku

Na tumeshinda, kwa hiyo hata wa kunilaumu hayupo.

Msimu mzima wa ligi ya vyuo Marwa ndiye aliyedaka. Juzi kocha akaniuliza mimi, kapteni, nani akae golini mechi ya mwisho kule Bunda. Nikamtaja Juma. Juma hamfikii Marwa, najua. Ila tunakaa chumba kimoja, na aliniomba kwa sababu mchumba wake wa Kabasa, pale karibu na Bunda, angekuja kutazama. Basi.

Marwa akakaa benchi mpaka filimbi ya mwisho, wala hakuninunia. Afadhali angeninunia.

Tukirudi Musoma tukapitia kwao Butiama, maana mama yake alishatualika. Kachinja kuku wawili! Kabla hatujanawa akauliza, "Mwanangu amedaka vizuri?"

Juma akaangalia chini.

"Nimedaka, mama," Marwa akasema. "Hawajapata hata goli moja."

Mama akapiga vigelegele. Kisha akachukua firigisi, ambayo nyumbani kwao huliwa na baba peke yake, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, baba. Marwa ananiambiaga wewe ndiye unampaga namba."

Ningeweza kusema. Ningeweza hata kumpa Marwa ile firigisi, na hakuna ambaye angeuliza kwa nini.

Nikamwangalia. Akanisogezea chumvi.

Nikaila yote.